Sponji za Plastiki

Kalymnos, 3 Mei

Kaka Sakelari,

Kifurushi chako kutoka Florida kimefika, ahsante. Mbuzi wawili wamezaa na paa halivuji tena. Majirani bado wananicheka: kisiwa kizima kinaishi kwa kuzamia sponji, mimi natumiwa za plastiki kwa posta. Lakini unamjua shemeji yako Mikes. Tangu apooze mguu akizamia, hataki kuona sponji ya baharini humu ndani.

Kuna jambo nilikuficha, usinikasirikie. Nina saratani ya titi, mwaka wa pili sasa. Jumatatu daktari wa Athene alisema uvimbe umesinyaa sana. Akatuambia dawa ninayochomwa asili yake ni sponji.

Mikes akauliza, "Hizi za kuogea?"

"Hapana, mzee. Ni aina nyingine, haifai kuogea. Na dawa yenyewe siku hizi hutengenezwa kiwandani."

"Kumbe ndizo zile tulizokuwa tunazitupa," akasema, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Jana alichechemea peke yake hadi bandarini. Akarudi na sponji kubwa kama mkate, akanisugua mgongo.

Kwa hiyo, kaka, za plastiki usitume tena.

Dada yako,
Sevasti