Mchuzi wa Makaroni Alioula Mama Yako

Baba Salma,

Ulipoondoka nilikuwa siwezi hata kuandika jina langu. Sasa naandika. Kijiji chetu kipya kina darasa la kisomo, tunakaa watu wazima kwenye magogo, na mwalimu wetu ametuambia kila mmoja amwandikie mtu anayemkumbuka. Wenzangu wamewaandikia waume zao walioko kwenye mashamba ya mkonge. Mimi nimekuandikia wewe. Mwandiko utauvumilia.

Nilitaka kuanza na salamu za watoto, lakini kuna jambo limenikaa kifuani tangu Alhamisi na sina wa kumwambia. Ni juu ya mama yako na ule mchuzi wako wa makaroni.

Kwanza ujue tumehamishwa. Ile nyumba ya mama kule bondeni Mvumi haipo tena. Walikuja viongozi, wakasema wote tuhamie kijijini, nyumba zipangwe kwa mstari, shule na zahanati zije karibu. Shule imekuja kweli, na Salma anasoma. Zahanati bado tunangoja. Siku ya kuhama mama yako alikaa mlangoni akakataa kuinuka. Nilimwambia, "Mama, watu wote wanakwenda." Akaniuliza, "Na Ramadhani akija, atatupataje huko?"

Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Kumbe ndivyo alivyokuwa ameanza kuamini. Tangu tuhamie hapa, kila alasiri anachukua fimbo yake na kwenda kule mahameni, anakaa pale palipokuwa na mlango, anakungoja. Ukuta mmoja tu umebaki, na magugu. Mimi namfuata jua likishuka, namvuta mkono, anang'ang'ania kubaki, tunarudi amenikasirikia. Balozi wetu wa nyumba kumi ameniambia, "Mama Salma, huyu mzee atapotea siku moja, au ataumwa na nyoka." Nimemwambia nafanya ninachoweza. Hakuna ninachoweza.

Mimi simlaumu. Hakuuona mwili wako. Mimi niliuona, nilikuwa nimekipakata kichwa chako.

Nadhani unakumbuka mwanzo wake, mwisho ndio hukuuona. Tumbo lilikushika asubuhi pale Mikumi, ukasema ni gesi, ukataka kwenda kambini kuwapikia Wataliano wako wa barabara. Kufika saa nne ulikuwa umejikunja chini ya meza ya jikoni. Bwana mkubwa wa kambi alitoa gari na dereva wake, Mzee Kondo. Wakasema wakupeleke Morogoro. Wewe ukasema, "Nipelekeni Kilosa. Mama yuko karibu na Kilosa." Mvua ilikuwa haijakatika wiki nzima. Tulipofika mtoni, maji yalikuwa yamelifunika daraja, yanapita na miti mizima. Mzee Kondo alishuka akatumbukiza fimbo, akarudi nayo imelowa mpaka mkononi. Nikamwambia tugeuze basi, twende Morogoro. Akasema nyuma nako tumeacha tope ambalo hatutalivuka mara ya pili mvua isipokatika. Tukangoja maji yapungue. Ng'ambo ya pili tuliwaona watu wamesimama, nao wanangoja. Nilipiga kelele waniitie daktari. Hawakusikia, maji yalikuwa na kishindo. Ulinibana vidole, ukasema, "Mpe mama salamu." Basi. Maji hayakupungua mpaka kesho yake.

Mvua ilipokatika usiku tukalipita lile tope, tukakurudisha Mikumi, tukakuzika Mikumi, kwa sababu maiti haingoji mto. Habari ilimfikia mama yako wiki ikiwa imepita, kwa mdomo wa mtu asiyemfahamu. Alilia, akakaa matanga, alifanya yote. Lakini ni kama moyo wake uliweka akiba ya shaka, na sasa kwa vile akili imelegea, ile shaka ndiyo imebaki.

Mwezi uliopita akaanza kukataa chakula. Ugali anausukuma. Mchicha anautema. Siku moja akaniambia, "Nataka vile vya matundu." Sikumwelewa. Salma ndiye aliyeelewa. "Mama, Bibi anataka makaroni ya Baba."

Nilikaa chini, Baba Salma. Nilikuwa nimekazana kusahau jikoni kwetu Mikumi, na mtoto akanirudisha kwa neno moja.

Ulikuwa unarudi kutoka kambini mikono inanuka vitunguu, umepika kutwa nzima, nakwambia kaa nikupikie. Unasema, "Kule napika kwa amri. Hapa napika kwa raha. Nipe nusu saa." Nyama unaikatakata kwa kisu, kwa sababu mashine ya kusagia ilikuwa ya kambi, mpaka inakuwa kama punje za mtama. Kitunguu na karoti vidogo vidogo, vinalainika kwenye mafuta. Halafu nyama. Mimi nataka kukoroga, wewe unanipiga kofi mkononi. "Usiiguse. Iache ilie kwanza." Inalia pale chini ya sufuria, inashika rangi, ndipo unageuza. Unatia nyanya, chumvi, maziwa kidogo kukata ukali. Wataliano walitia mvinyo, wewe ulisema nyumba yetu haina haja nao. Ule mmea wao wa harufu haukuwapo, ukachuma kivumbasi pale nje tulipokipanda kufukuza mbu, nikasema utatuua. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ulikuwa unasema siku za sherehe wao huuacha mchuzi motoni nusu siku, lakini huu ni mchuzi wa siku za kazi, wa mtu mwenye njaa. Salma alikuwa anapuliza makaroni kama filimbi, nyanya inamrukia mpaka kwenye nywele.

Na mara ya kwanza ulipompikia mama kule Mvumi! Aliinua moja kwa vidole, akachungulia ndani ya tundu lake kama anamtafuta mtu. Akauliza, "Hivi vinaota wapi?" Kisha akala sahani mbili.

Sasa mimi makaroni niyatoe wapi? Duka la kijiji lina chumvi na viberiti, sukari ikija inaisha kabla sijafika mstarini. Nilikwenda Kilosa mjini nikazunguka maduka yote, wengine walinicheka. Nilikwenda Dumila pale mabasi yanaposimama, nikauliza mpaka nikaona haya. Hakuna. Nikamwambia mama, "Hakuna, Mama." Akasema, "Ramadhani anajua yalipo."

Ulifika wakati wa kuja kulisafisha kaburi lako, nikapata nafasi juu ya lori mpaka Mikumi. Nilifyeka nyasi, nikakusomea Fatiha, nikakaa. Hungepatambua Mikumi. Kambi imeondoka. Pale palipokuwa jikoni pako pamebaki sakafu ya saruji, nyani wanakaa juu yake kama wageni wanaongoja chai. Wataliano wamekwenda na matingatinga yao. Barabara imekwisha, nyeusi, pana, malori ya Zambia yanapita usiku na mchana bila kukatika. Nilisimama pembeni yake nikafikiri kwamba leo gari lingekufikisha Morogoro kabla ya adhuhuri. Nilifikiri hivyo, nikaondoka haraka.

Mama Rehema, jirani yetu yule, bado yupo. Anauza chakula kwa madereva. Nilipomweleza habari ya mama, aliingia ndani akatoka na pakiti ya makaroni aliyopewa na dereva mmoja. "Nilikuwa sijui niyafanye nini," akasema. "Chukua, ukampikie mzazi." Nililia pale barabarani kwa ajili ya makaroni, watu wakanitazama.

Nyama ikaja yenyewe. Wamaasai wa ng'ambo ya mto, ng'ombe wao mmoja alivunjika mguu, wakamwita shehe akachinja, na yule mama anayetuletea maziwa akaniletea kipande kwenye jani la mgomba. Nyanya nilikuwa nazo shambani. Mafuta niliomba kwa jirani, kijiko kwa kijiko. Kivumbasi nilichuma kwenye mahame yetu, kimeota chenyewe pale ukutani.

Alhamisi jioni nikapika. Salma alikaa karibu na moto. Nilikata ile nyama mpaka mkono ukafa ganzi. Nilipoitia kwenye mafuta nikanyoosha mkono nikoroge, mtoto akasema, "Mama, usiiguse. Iache ilie." Kwa sauti yako, Baba Salma. Sikujua kama anakumbuka. Alikuwa mdogo mno.

Harufu ikatoka. Nilijua nimepatia kabla sijaonja. Nilifurahi, nataka ujue hilo. Kwa muda ule mfupi nilifurahi kama mtu aliyepata kitu kilichopotea.

Nikampelekea mama. Alinusa. Akala kidogo, akatulia, akala tena. Akala kwa mikono miwili, mchuzi unamtiririka kidevuni, mimi na Salma tunatazamana tunacheka. Alimaliza. Akafuta sahani kwa kidole. Kisha akanyanyua uso, na sijawahi kumwona na uso ule tangu uondoke, uso mwangavu kama wa bibi arusi. Akasema, "Amekuja."

Nikamwuliza, "Nani, Mama?"

"Amekuja lini, mbona hamkuniambia? Yuko jikoni. Mwite aje nimshike."

Nilisimama nikatoka nje, nikaingia jikoni, nikasimama mbele ya lile sufuria tupu. Nilikuwa nasikia anaita kule ndani, "Ramadhani! Ramadhani we! Njoo baba, acha vyombo, wataosha wao." Nilijua natakiwa nirudi nikaseme neno. Neno gani? Nikisema upo, nitakutoa wapi? Nikisema haupo, namuua mtoto wake mara ya pili, tena kwa mkono uleule uliompikia. Nikabaki nimejificha palepale.

Ndipo nikamsikia Salma. Alikuwa amebaki naye. Akasema taratibu, kama anavyosoma shuleni, "Bibi, Baba alikufa Mikumi. Tumepika mimi na Mama."

Mama yako akalia. Alilia kwa Kisagara, yale maneno ya kumlilia mtoto mwanamume, majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Na msiba ulikuwapo. Wakakaa chini, kina mama wakafunga kanga viunoni wakalia naye, maana wengine hawakupata kukulilia. Mimi nilikaa mlangoni. Salma alikuja kuniuliza, "Mama, nimekosea?" Nikamkumbatia. Mpaka leo sijamjibu, kwa sababu sijui.

Nikadhani basi, sasa amejua, ataacha kwenda mahameni. Moyo utapoa. Asubuhi nilimpelekea uji, nikapiga goti, "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu." Akanywa. Akanitazama kwa upole, akasema, "Ramadhani hajaja bado?"

Yote yalikuwa yamefutika. Kilio chote kile, kama vile si yeye aliyelia. Na chakula amerudi kukikataa. Anataka vile vya matundu.

Ndiyo niliyotaka kukwambia. Pakiti imebaki nusu. Nimeifungia kwenye sanduku, naiogopa kama mtu anavyoogopa dawa kali. Nisipopika, atakwisha kwa njaa mbele yangu. Nikipika, atakuita, na mmoja wetu itabidi amwambie tena. Ungekuwapo ungefanyaje? Najiuliza hilo halafu najicheka, maana ungekuwapo kusingekuwa na swali.

Nilimwendea katibu wa kijiji kuomba lori nimlete mama Mikumi aliguse kaburi kwa mkono wake. Akasema lori ni la pamba, mpaka msimu uishe, na huenda likapelekwa kwingine. Mganga wa Kilosa amesema kifua cha mama hakiwezi safari ya kutikisika. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kumleta. Ningependa kukuahidi hivyo, lakini sitaki kumdanganya marehemu.

Juzi nilifanya kitu kimoja. Alipochukua fimbo yake alasiri, sikungoja jua lishuke. Nilifunga mlango, nikambeba mgongoni yule mdogo uliyemwacha tumboni, Salma akashika kiti, tukaongozana naye mpaka mahameni. Tukakaa wote pale palipokuwa na mlango. Sikumvuta. Sikumwambia twende. Alinieleza habari za utoto wako, ulivyoanguka mtoni, ulivyokataa kunyolewa, mambo ambayo miaka yote ya ndoa sikuwahi kuyasikia. Watu walipita njiani wakatutazama. Giza lilipoanza kuingia akainuka mwenyewe, akanishika bega, akasema, "Leo amechelewa. Twende, watoto wana njaa." Tukarudi bila ugomvi.

Basi naweza kukuahidi hilo tu, mume wangu. Nitampikia, na nitasema nimepika mimi. Akilia nitalia naye, na hatabaki tena mtoto kusema mimi nikiwa nimejificha jikoni. Na alasiri nitakwenda naye kukungoja, kwa siku zote alizobakiwa nazo. Mimi nikijua huji.

Mungu akulaze pema. Salma anakusalimu. Mdogo wetu hakujui, lakini ana masikio yako.

Mkeo,
Mama Salma