Kwaya ya Watu Thelathini na Saba

Kilifi, Jumamosi, 13 Desemba 1986

Laiti ningenyamaza! Miaka yote shuleni nilijua majibu nikanyamaza, na leo ndiyo siku niliyochagua kusema.

Mwalimu wa kwaya anataka tusimame kwa mistari iliyo sawa siku ya Krismasi. Tuko thelathini na saba. Alitupanga watano watano, wakabaki wawili. Sita sita, akabaki mmoja, naye ni mke wake, akaanza upya. Jua lilituchoma. Rafiki yangu Sidi akaninong'oneza, "Mwambie, si wewe ndiwe mwenye hesabu?"

Nikainua mkono. "Mwalimu, haitagawanyika. Ni namba tasa. Nimejaribu mbili, tatu na tano, zote zinabakisha. Saba mara saba inapita thelathini na saba, kwa hiyo hakuna haja ya kuendelea."

Akanitazama. "Basi dawa ni kupunguza mmoja?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ahsante sana, binti. Kaa wewe. Utatushikia vitabu."

Wote wakacheka, Sidi akiwamo. Nikavipokea vitabu, nikaenda kukaa. Tangu nimalize shule sina pengine pa kwenda isipokuwa kwaya, na sauti ya pili naiimba vizuri kuliko... basi tu.

Nimekaa hapa naandika vigawo vya thelathini na sita: mbili, tatu, nne, sita, tisa, kumi na mbili, kumi na nane. Mistari ya kila namna. Inaniudhi jinsi wanavyopangika vizuri bila mimi.