Kisu Kilicholelewa Kabatini

Nyumba ya Geti la Kijani,
Nyuma ya Duka la Dawa.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Itikia marahaba kwa sauti hata kama uko peke yako chumbani, maana nimeamka mapema kukuandikia na sipendi salamu yangu iende bure.

Hujambo lakini? Goti linaendeleaje, lile linalokusumbua baridi ikiingia? Mama anasema ulifunge kitambaa cha sufu na usijifanye kijana. Kazini wote wazima? Na yule jirani yako wa ghorofa ya juu bado anajifunza tarumbeta, au amewahurumia watu?

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, presha imetulia, na ulimi wake haujapungua makali hata kidogo. Shangazi bado anaishi nasi, bado anamtania wifi yake kuanzia chai ya asubuhi mpaka taa zinapozimwa. Baba watoto yuko na lori lake la mizigo. Watoto wanakua, viatu havikui. Na mimi, Chiriku wako, nipo na kazi yangu ya kushona makochi, mdomo ni uleule uliofanya unipe jina hili.

Barua yako ilifika salama. Tuliisomea sebuleni, mimi nikisoma kwa sauti na Mama akinirudisha nyuma kila anapoona nimekimbia. Tulicheka sana kuhusu bosi wako na mwavuli. Lakini nilipofika pale ulipouliza, "Kile kisu kinakataje?" Shangazi akakohoa kikohozi kile chake kisicho na mafua. Mama akasema endelea kusoma. Sasa leo nakujibu, ila jibu lenyewe lina kona, kwa hiyo vuta kiti.

Unakumbuka ulivyokituma na yule muuguzi aliyekuwa anarudi likizo, kikiwa ndani ya soksi. Ulimwambia atuambie ni cha Chiriku, cha kazi, na kwamba umekitengeneza mwenyewe baada ya saa za kazi. Mjomba, sijawahi kumiliki kitu kizuri namna ile. Mpini wa pembe una rangi ya chai iliyokolea, na ukiuweka kwenye mwanga unaona mistari ndani yake. Ncha zote mbili umezivika shaba. Na lile jani dogo ulilolichonga mgongoni, hata mishipa yake inaonekana. Siku ile nilikifungua na kukifunga, tak, tak, mpaka Mama akaniambia nitakichosha. Akakiomba akiangalie. Akakigeuza huku na huku, akakifuta na ncha ya khanga yake, na nilipoona jinsi anavyokishika nikajua hakirudi kwangu. Kikaingia kwenye kabati la vioo.

Na kabati la Mama unalijua. Kitu kikiingia mle kimestaafu. Vikombe vya wageni vimo mpaka leo, vinasubiri mgeni wa cheo ambacho hakuna mtu aliyekifikia. Hata mkwe alipokuja kwa mara ya kwanza alinyweshwa kwenye vikombe vya kawaida. Mashuka ya harusi yangu bado yako kwenye mfuko wake. Na makochi ya sebuleni, ambayo mimi mwenyewe niliyavika kitambaa kipya, Mama aliyafunika nailoni siku hiyohiyo. Fikiria, mtoto wake ni fundi wa makochi, na wateja wangu wakija kumsalimia mama wa fundi wanakaa juu ya nailoni. Wakati wa joto mtu akitaka kuinuka anabanduka kama plasta. Ukimwuliza Mama, anakujibu akiba haiozi.

Basi kisu kikalelewa kabatini. Nasema kikalelewa kwa sababu kila Jumamosi Mama alikuwa akikitoa, anakifuta, halafu anakipaka mafuta ya nywele, yale ya kopo la njano, kama mtoto aliyetoka kuoga. Alikipaka kote, mpaka kwenye kiungo, kisha akakirudisha juu ya kitambaa chake cha kufuma. Hakukifungua hata mara moja, eti asije akakilegeza. Mimi kazini niliendelea na kile kisu changu cha mpini wa plastiki, kinachokata uzi pale kinapojisikia.

Usidhani kulikuwa na amani. Shangazi alikuwa akipita mbele ya kabati anamwambia wifi yake kwamba shemeji angetaka kuleta pambo angeleta saa ya ukutani. Mama anamjibu kwamba kitu cha ndugu hakitupwi kwenye misumari na gundi. Wakianza hapo, wanafika mpaka kwenye sherehe ya harusi ya Mama na nani alikosa kiti.

Nami nikuambie ukweli, nilikuwa nimegawanyika. Nilikitamani. Lakini karakana yangu unaijua, watu wanaingia na kutoka, makasi yangu mawili yameshaota miguu. Na nikikivunja ncha je? Hupo hapa kukitengeneza. Kwa hiyo kila Mama aliposema kikae, kuna upande wangu mmoja ulioshukuru.

Barua yako ndiyo iliyotuumbua. Jioni ileile Shangazi alisema haiwezekani tukuandikie kwamba hatujui, afadhali tukate hata kipande cha uzi tupate la kusema. Mama akafikiri, akakubali, uzi mmoja tu. Akafungua kabati. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikaweka ukucha kwenye ule mfuo wa kufungulia, nikavuta.

Hakikufunguka.

Nikavuta tena. Baba watoto akasema nimpe mwanamume. Akavuta akavunja ukucha, akaenda kukaa mbali akijifanya anatafuta rimoti. Shangazi akashauri maji ya moto, Mama akamwuliza kama yeye pia angependa kuchemshwa. Tulikizungushana pale sebuleni mpaka chakula kikapoa, wote tunatoka jasho juu ya nailoni. Kisu kizima, kizuri, kinang'aa kuliko sisi sote, na hakifunguki.

Asubuhi yake nilikipeleka kwa fundi cherehani jirani yangu, yule mzee mpole mwenye mashine ya kukanyaga. Mama alikataa kubaki nyumbani, akaja na mkoba wake kama tunakwenda hospitali. Fundi akakinusa. Akauliza kimepakwa nini. Mama akataja mafuta ya nywele, tena kwa fahari. Fundi hakucheka, na Mungu atamlipa kwa hilo. Alisema tu kwamba mafuta yale yanashika vumbi, na vumbi likikaa linageuka gundi. Akadondosha mafuta ya cherehani kwenye kiungo, akatuambia tuketi tunywe maji. Akadondosha tena, akafuta na kitambaa, akakitikisa taratibu, na mara tukasikia tak. Mimi nilipiga makofi.

Lakini ndani, Mjomba, karibu na kiungo, kulikuwa na kutu. Si kubwa, doa la ukubwa wa punje ya mtama. Mama aliliona kabla yangu. Akaweka mkoba chini, akaanza kulia palepale mbele ya wateja wa watu.

Tukarudi nyumbani. Kule ndiko alikoniambia. Alisema kwamba miaka yote hii watu wanamwuliza ndugu yake atarudi lini, naye hana la kuwajibu, na kisu kile ndicho kitu pekee chako ambacho mikono yako yenyewe imekishika. Alitaka siku utakayorudi ukikute vilevile kilivyotoka mkononi mwako, ujue kwamba dada yako alikutunzia. Na sasa amekiharibu kwa kukitunza. Nililia na mimi, nisikudanganye.

Shangazi alikuwa mlangoni. Nilidhani atasema lake kuhusu akiba inayopata kutu, na niliona lilivyomfika mdomoni. Akalimeza. Akaja akaketi karibu na Mama, akamwambia, "Wifi yangu, siku akirudi akikikuta kipya, si atadhani huku hakuna aliyekihitaji?"

Mama akajifuta macho kwa khanga. Nilikuwa nimeshalisugua lile doa kwa majivu laini, limebaki kivuli tu. Akaniuliza kama kweli kinakata. Nikampa ajaribu mwenyewe. Akatafuta kitu cha kukata. Nikamletea uzi, akaukataa, eti kisu cha ndugu yake hakianzi maisha kwa uzi. Akaangalia huku na huku sebuleni, akaliendea kochi kubwa, akachomeka ncha kwenye nailoni pale pembeni, akavuta kutoka mkono wa kushoto mpaka wa kulia bila kusimama. Nailoni ilifunguka yote kwa mkupuo mmoja. Tukaketi, Mjomba. Tukaketi juu ya kitambaa. Shangazi alipapasa mto akasema kumbe maua yake ni mekundu, alikuwa akidhani ni ya kahawia.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: kinakata vizuri mno. Sasa nakwenda nacho kazini kila siku, kimefungwa kamba kwenye aproni yangu kwa amri ya Mama. Kinaingia kwenye sponji bila kuirarua, ngozi kinaikata kwa mstari ulionyooka hata pale kwenye kona za viti vya gari, na nyuzi za zamani nikifumua kochi zinaachia kabla sijakaza mkono. Wiki iliyopita nilifumua nacho kiti cha daktari wa meno, ndani nikakuta kalamu na meno ya bandia ya upande wa juu. Mwenyewe anasema si yake. Mpini umeanza kukolea pale kidole gumba kinapokaa, na shaba ya mbele ina mkwaruzo mmoja kutokana na pini ya stepla. Samahani kwa huo. Jioni nikirudi Mama anakikagua kama mwalimu anayekagua kucha, kisha kinalala kabatini. Shangazi anasema hatimaye kuna kitu mle kinacholipa kodi.

Hayo ndiyo ya kisu. Mengine ni madogo. Bati la jikoni tumelibadilisha, mvua sasa inabaki nje kama inavyotakiwa. Mdogo wangu wa mwisho amepata kazi benki na amesahau kucheka, lakini atakumbuka. Mtoto wangu wa pili anataka kuja kwako kujifunza kutengeneza visu. Juzi alitaka kuwa mwimbaji, kwa hiyo usinunue kitanda bado.

Shangazi anakusalimu, anasema shemeji, ukituma kitu tena usikipe soksi tu, kipe na maelezo. Baba watoto anakusalimu kwa mkono wenye ukucha mzima. Watoto wote wanakuamkia. Fundi cherehani naye ameniambia nikufikishie kwamba kazi ya kile kiungo ameivulia kofia. Nisalimie rafiki zako wa karakana, na huyo wa tarumbeta pia.

Mwenyezi Mungu akupe afya, aitunze mikono yako na macho yako, na njia zako zote azifanye nyepesi.

Nilikuwa nishafika kwenye kutia sahihi, Mama akaja akasimama nyuma yangu. Jana asubuhi alinikuta natoka na kisu kwenda kwa yule mnoa visu wa barabarani, maana makali yameanza kuchoka, akanipokonya bila maelezo. Sasa ndiyo ananipa maelezo. Mjomba, tangu uondoke sijawahi kumsikia Mama akikuita nyumbani. Kila tukimsukuma akuombe, anasema tukuache ufanye kazi yako. Haya yafuatayo ni maneno yake, na amenifanya nimsomee mara mbili ili ahakikishe sijayalainisha:

"Mwambie kisu kimeanza kuwa butu. Na mtu mwingine hakigusi. Aje akinoe mwenyewe."

Wako akupendaye daima,
mpwa wako,
Chiriku