Niliowakaribisha Chakula Njia ya Kwihara Wanataka Twende Wote

Bi. Mwamvita, shikamoo. Ukurasa wako huwa nausoma kabla hata ya matangazo ya vifo, na leo zamu ya kukulilia imenifikia mimi, ila nakuomba usinicheke mpaka umefika mwisho, na kama utaniambia nina wazimu niambie taratibu maana nimeshajiambia mwenyewe.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, kwetu ni Kigwa lakini nimeolewa hapa Tabora mjini, nyumba yetu iko pembezoni karibu na njia ya kwenda Kwihara, mume wangu Xavery ni fundi gereji, watoto wameshaoa na kuolewa wako Mwanza na Kahama huko, tumebaki wawili. Mwaka jana nikakutwa na sukari, nesi wa kliniki akanikalisha akaniambia mama, dawa yako ya kwanza ni miguu yako na ya pili ni jiko lako, tembea kila asubuhi mpaka jasho likutoke, na upike nyumbani, dona, mboga za majani, mafuta kidogo. Nikatii. Nikawa napika mlenda wa karanga, uyoga, kunde, matembele, chakula ambacho marehemu mama yangu angekula akalamba vidole, lakini Xavery akionja tonge moja anasukuma sahani anasema hiki chakula cha wodini, anavaa shati anaenda kijiweni kula chipsi na mishikaki, basi nikawa nakula peke yangu natazamana na ukuta, na Bi. Mwamvita, kula peke yako wakati una mume ni msiba ambao hakuna anayekuja kukupa pole.

Sasa Pasaka hii akaja Flavia, mtoto wa kaka yangu anayekaa Dar, akasema shangazi mimi sikuja kukaa ndani, nizungushe mji nipige picha. Tukaenda stesheni, tukalitazama boma la Wajerumani, tukazunguka sokoni akanunua asali, na siku iliyofuata nikamwambia twende kwa miguu mpaka Kwihara ukalione lile tembe la zamani za misafara, mazoezi humo humo, utalii humo humo. Nilibeba matobolwa, vile viazi vitamu tunavyovichemsha na kuvikausha, pamoja na karanga. Tulipochoka tukakaa kivulini kando ya njia, Flavia anahangaika na simu yake, mimi nimeinama namenya karanga, nikasikia watu wanapita nyuma yangu, wengi, miguu mitupu kwenye mchanga, na njuga zinalia kidogo kidogo, na mmoja akasema kwa upole, mwangaluka. Mtu akikuamkia kwa Kinyamwezi unaitika. Nikaitika mwangaluka, na bila kuinua kichwa nikasema karibuni tule. Ndivyo nilivyolelewa, mtu akikukuta unakula unamkaribisha, naye anajibu asante nimeshiba, anapita zake. Sikusikia jibu. Flavia akaniuliza, "Shangazi, unamkaribisha nani?" Nikageuka. Njia ilikuwa tupu mpaka macho yalipoishia, na kwenye mchanga nyayo zilikuwa zetu wawili tu.

Flavia akarudi Dar, nikadhani ni uchovu ulinichezea. Lakini tangu hapo nikipika sufuria ndogo mkono wangu wenyewe unachukua kubwa, nakoroga dona ya watu kumi nashtuka mwiko umekuwa mzito, na ugali ninaoubakiza jikoni naukuta asubuhi umemegwa pande zote, matonge ya vidole vinene, bakuli la mlenda limefutwa safi, mtungi hauna maji. Xavery anasema ni panya. Panya gani ananawa mikono? Mbwa wetu habweki, anatikisa mkia kama anavyowafanyia watu wa nyumbani. Na siku moja naosha vyombo mchana, nikasikia nyuma ya jiko sauti ya mwanaume imechoka inasema, "Asante, mama." Niliangusha sufuria. Halafu nikakaa chini nikalia, na sikulia kwa woga, nililia kwa sababu ndani ya nyumba yangu sikumbuki mara ya mwisho kuambiwa asante.

Nikienda mazoezi wananifuata nyuma. Nikisimama nao wanasimama, ila wanachelewa kidogo, kama wanavyochelewa watu waliobeba mizigo ambao hawawezi kusimama ghafla. Jirani yangu Recheli, mama wa Moravian asiye na porojo kabisa, aliniita uani akaniuliza kikundi chetu cha mazoezi kinaingiwaje, maana ametuona asubuhi tulivyo wengi na yeye anataka kupunguza mwili. Nikamuuliza umeona wangapi. Akasema, "Sikuhesabu, vumbi lilikuwa jingi. Ila wenzako mbona wanafanya mazoezi na mizigo kichwani?" Kliniki nako wanafurahi, sukari imeshuka, nesi ananipigia makofi mbele ya wagonjwa wengine, anasema endelea na mwendo huo huo.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie. Ile sufuria kubwa imeanza kuhama. Naiacha jikoni, asubuhi naikuta mlangoni. Nairudisha, naikuta chini ya kamba ya nguo. Nimeifungia stoo, nimeikuta katikati ya uwanja. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba bibi yake aliufuata msafara wa wapagazi mpaka pwani, wanawake wakitembea mwisho wa mstari na vyungu kichwani, wakifika kambini wanaanza kupika, na kambi ya kwanza ukitoka hapa alikuwa akisema ni kwetu Kigwa. Juzi sufuria ilikuwa getini, mdomo umeelekea mashariki, na pembeni yake pamewekwa ngata ya kujitwishia, ya majani mabichi, imesokotwa vizuri sana. Bi. Mwamvita, niliichukua nikaijaribu kichwani. Ilinikaa sawasawa, kana kwamba mtu amenipima.

Padri nilimwambia nusu, akanyunyiza maji ya baraka, akaniambia nipumzike. Xavery sijamwambia kitu, nitaanzia wapi na mtu ambaye hakai mezani? Na siri yangu ambayo hata padri hakuisikia ni hii, kwamba siwaogopi tena. Asubuhi nikiwasikia wananisubiri nje ya geti natamani kwenda. Nikiacha kutembea sukari itanimaliza, nikiendelea naona kabisa ninakoelekea. Nisaidie kabla sijafanya uamuzi. Namba yangu nimeiweka chini, usiichapishe.

Levina, njia ya Kwihara, Tabora

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Levina. Sikucheka.

Kukugombeza kwanza, pole itafuata. Mwanangu, karibu inatolewa kwa mtu uliyemwona. Unainua kichwa, unamtazama, ndipo unamkaribisha. Sisi wa mjini hapa tumezaliwa juu ya njia hiyo, na bibi zetu walitufunza kwamba ukisikia salamu na humwoni mwenye salamu, unaendelea kutafuna. Wewe wa Kigwa, njia ile ile, hukufunzwa? Haya, neno limeshatoka, halirudi mdomoni. Kosa lako la pili ndilo kubwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umewalisha tangu Pasaka na hujawaaga hata siku moja. Mgeni asiyeagwa atajuaje kwamba ziara imekwisha?

Sasa pole. Niliposoma habari ya ile asante, niliweka barua chini. Mwanamke anayepika maisha yake yote bila kuambiwa asante anaweza kumfuata yeyote atakayeitamka, awe hai, asiwe hai. Nakuelewa, na wasomaji wangu wengi wa kike wanakuelewa wakiwa kimya majumbani mwao. Hata hao wageni nawaonea huruma, ni watoto wa watu, walibeba mizigo isiyo yao wakafia njiani, na pengine tangu wakati huo wewe ndiye wa kwanza kuwaambia karibuni. Lakini usijidanganye kwamba wanakupenda. Wana njaa, na wamepata mpishi. Ukiwafuata Kigwa hutaikuta Kigwa ya mama yako. Utakuta kambi na kuni mbichi, utapika, watakushukuru, na asubuhi utajitwisha tena, na njia hiyo haina pa kufika.

Mazoezi usiache, nesi yuko sahihi. Badili njia. Tembea upande wa mjini, jua likiwa limeshapanda, na mchukue Recheli, muwe mnapiga soga njia nzima, tena kwa sauti. Pika sufuria ndogo. Mkono ukichukua kubwa, irudishe, hata kama umeshaibandika. Kisha chukua matobolwa, karanga na asali, chakula cha safari, uende mchana kweupe mpaka pale pale ulipowakaribisha. Xavery ndiye abebe. Wewe kichwani usiweke kitu, hata kanga iliyokunjwa. Weka chakula chini na ile ngata yao juu yake, useme kwa kauli ya kueleweka: wageni wetu, mmekula, mmeshiba, safari njema. Wasindikize hatua chache kama tunavyowasindikiza wageni wote, halafu ugeuke na mumeo mrudi. Mgeni anasindikizwa, hafuatwi. Ukiitwa nyuma usiitike, hata ikiwa ni sauti ya marehemu mama yako.

Na wewe Xavery, fundi, najua unaponisomea. Ukurasa huu pengine umekufikia ukiwa umefungia mishikaki. Hukuona mkeo anapika ya watu kumi? Hukujiuliza nani anakula? Nyumba yako ina wageni kwa sababu kiti chako kilikuwa wazi, wakakikalia. Futa mafuta mikononi, uende nyumbani sasa hivi, usimalize hata hilo fungu lako. Ukifika angalia getini kabla hujaita hodi. Ukute sufuria, ukute haipo, ingia ndani ukae, na huo mlenda ule mpaka bakuli lionekane chini, halafu useme lile neno unalolijua. Halikuui.

Levina, huwa sipigi simu kwa wanaoniandikia, ningeshinda kwenye simu. Lakini barua yako ilichelewa njiani, na gazeti hili linatoka Jumamosi, nami nilikuwa naifikiria sufuria inavyosogea. Kwa hiyo nilipiga. Mara ya kwanza iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili ilipokelewa. Niliita jina lako. Nikasikia upepo, nikasikia miguu mingi kwenye mchanga, na njuga. Nikasema, "Levina, mwanangu, uko wapi?" Sauti iliyojibu haikuwa ya mwanamke, ilikuwa ya mtu aliyejaza tonge mdomoni, ina adabu sana. Ikasema, "Karibu tule, mama."

Nikamjibu upesi, "Asante, nimeshiba." Simu ikakatika. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi.

Hukuniandikia namba ya nyumba wala jina la gereji, na njia ya Kwihara ni ndefu, kwa hiyo nimebaki na ukurasa huu tu. Yeyote anayewajua hawa wawili awapelekee leo, asingoje kesho. Na wewe, mwanangu, kama unaisoma hii ukiwa bado nyumbani, jioni pakua sahani mbili, yako na ya Xavery. Utasikia salamu nje. Pakua mbili.