Picha ya Mbugua Kwa Kompyuta

Zainab uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Waithera mwenye saiba ya Kangemi, pale tunapolipia intaneti, amelia leo. Mbele ya wateja! Waithera, Zainab. Yule hata siku ya kumzika mwanawe hakulia.

Unakumbuka ile brauza yake ya kizamani, ile kila mtu alikuwa anaitukana? Ukiifungua inakuonyesha kwanza picha ya Mbugua akicheka, halafu unangoja weee. Mbugua mwenyewe ndiye aliyeiweka hiyo picha, kumchokoza mamake. Na tangu azikwe, kila asubuhi Waithera alikuwa anaiwasha kabla ya kufungua mlango, anamwambia, "Umeamka, baba?" Si unajua alimpa mtoto jina la babake yeye Waithera.

Sasa leo tovuti ya kuomba nafasi za shule ikakataa brauza ya zamani. Foleni imefika nje, nami nimo. Watu wakaanza kelele, "Mama, si uapdeti hiyo kitu!" Akasonya, akabonyeza brauza mpya iingie, mwenyewe. Mwenyewe, Zainab.

Ikafunguka chap. Watu wakapiga makofi!

Yeye akaitazama. Akaifunga. Akaifungua tena. Chap. Akaifunga, akaifungua. Mbugua hayuko.

Hapo ndipo alipolia. Makofi yakaisha. Hakuna aliyejua aangalie wapi.

Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mama, si picha zake ziko kwa simu?"

Akasema, "Kwa simu ni mimi humtafuta. Hapa alikuwa anakuja mwenyewe."