Walinitaka Nimnyime Mwanangu Radhi

Mama yangu,

Shikamoo. Naiweka salamu mbele kabla hasira hazijanitangulia, maana nimekaa nazo mezani tangu asubuhi na chai imeshapoa. Hujambo? Mguu vipi, ule wa kushoto? Ngazi za hapo Mlandege unazipanda mwenyewe, au bado unateremsha kikapu kwa kamba ukitaka kitu dukani? Na presha unaipima kweli, au unampa mpimaji sambusa ili akuandikie nambari nzuri? Nakujua. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inayotuuma. Haroub ameshafika Australia salama na ameniambia nikubusie mikono yako yote miwili.

Ningekupigia simu, lakini simu yako ikipokelewa huwekwa spika, na nikisema "Mama" huitikia nyumba nzima mpaka wapangaji wa chini. Ijumaa iliyopita, mbele ya umati huo, ulinambia: "Umemwachia mwanao wa pekee ende mwisho wa dunia. Kaondoka kama ulivoondoka wewe." Kisha ukakata. Nimebaki na maneno hayo wiki nzima. Kwa hivyo barua hii naitia mkononi mwa Bi Shuweikha, jirani yangu wa zamani, anayekuja huko mwezi mzima kumwona dada yake. Nimemwambia akupe wewe mwenyewe. Vaa miwani, funga mlango, usome peke yako.

Kwanza nikueleze kazi yake, maana huko mnasema Haroub anacheza mpira, na watu wakisikia mpira wanadhani ni ule wa miguu. Hii ni raga, watu kumi na watatu kila upande. Mpira wenyewe umechongoka huku na huku mfano wa papai dogo, hushikwa kwa mikono, na anayeushika huangushwa na wanaume watatu. Akiinuka huangushwa tena. Ndiyo kazi ya mjukuu wako tangu ana miaka kumi na minane. Siku ya pili baada ya mchezo hawezi kuinua mkono kuvaa shati, na mimi humfunga vifungo kama nilivyokuwa nikimfunga utotoni akienda chuoni kusoma Kurani, mwanamume wa miaka ishirini na saba anayeinama kila akipita mlangoni. Kazi yenyewe haina miaka mingi. Mtu akifika thelathini na kidogo mwili umekwisha.

Sasa klabu za huku Uingereza hazina fedha za kutosha. Fedha ziko Australia. Kila mwaka vijana wa Kiingereza wanaoujua mchezo huu, waliozaliwa na kukulia mitaa hii hii, wanafunga mabegi na kwenda huko, kwa mkataba ambao hapa wasingeuona hata ndotoni. Kwenye klabu yetu mwaka huu waliondoka wawili kabla ya Haroub. Mmoja wao baba yake na babu yake wote waliichezea klabu hii. Waliagwa kwa makofi, wakaimbiwa, watu wakasema vijana lazima watafute maisha.

Alipoitwa mwanangu, ikawa neno jengine. Hana shukrani! Nchi imempokea, imemlea, imempa jina, na leo anaipa mgongo! Mama! Nani kamlea? Nimemlea mimi, kwa kukosha masufuria ya jikoni mwa klabu hiyo hiyo mpaka nikawa mpishi wao, miaka kumi na mitano sasa. Wale wawili wanatafuta maisha, wa kwangu anakosa shukrani. Nieleze wewe tofauti yao, maana mimi naijua na sitaki kuiandika.

Hata Bi Doris, bibi wa mlango wa pili, ambaye hajakosa mchezo tangu ujana wake na aliyemfumia Haroub skafu yenye nambari yake ya mgongoni, aliacha kunisalimia. Akiniona natoka, macho huyapeleka kwenye mapipa ya taka.

Haroub mwenyewe hakuwajibu watu. Alipoulizwa na mwandishi wa gazeti la mji kama ameshatia saini, akasema: bado, nasubiri radhi ya mama yangu. Neno radhi akalitaja kwa Kiswahili, kisha akalifafanua, kwamba kwetu mtu hafungi safari kubwa mzazi hajaridhika. Likaandikwa gazetini. Nililikata nikalibandika kwenye friji, najivuna, sijui kuwa kuna wengine wamelisoma.

Jumapili, saa kumi za alasiri, mlango ukagongwa. Bwana Martin, meneja wa klabu, mwajiri wangu na mwajiri wa mwanangu. Ana maua mkono mmoja na boksi la biskuti mkono wa pili. Viatu hakuvua. Alipita navyo juu ya lile busati ulilonitumia, na matope yake ya mvua, akakaa.

"Bi Zu," akasema, maana Zuwena limemshinda miaka yote hii, "sisi tunaheshimu sana mila zenu. Nimefahamishwa kuwa kwenu kijana hendi popote bila ya neno la mama yake."

"Naam."

"Basi neno hilo lisitoke mwaka huu. Mwaka mmoja tu. Mwambie moyo wako haujaridhika. Na jikoni tunatafuta msimamizi, hatutakusahau."

Umesikia, Mama? Miaka tisa mtoto anafunga Ramadhani huku akikimbizwa mazoezini. Mara moja tu nilikwenda kuomba mazoezi yasogezwe mpaka watu wafuturu, nikajibiwa na huyo huyo kuwa klabu haiendeshwi kwa mila za mtu. Leo mila zetu zimekuwa tamu! Leo radhi anaijua! Kitu anachokitoa mzazi moyoni mwake, Mungu akiwa shahidi, yeye anakitaka kama ufunguo wa stoo, amfungie mchezaji asitoke. Na msimamizi wa jikoni juu yake, kama ile nyongeza ya ndimu ukinunua samaki.

Najua unasubiri nikwambie nilimtoa na maua yake. Sikumtoa. Nakiri mbele yako: nilimtilia chai, na alipoinuka nikamwambia, "Ntafikiri."

Kwa nini? Kwa sababu na mimi sikutaka ende. Nyumba hii haina mtu mwengine. Tangu kufa kwa baba yake ni sahani mbili, vikombe viwili. Bwana Martin alinipa kisingizio tu, na mimi nikakikamata.

Siku tano nilimtesa mwanangu. Kila akirudi:

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, una la kunambia?"

"Mchuzi unapoa."

"Mchuzi nshaula, Mama, jana na juzi. Nakuuliza jengine."

"Basi osha sahani."

Na anaosha. Hakunipandishia sauti hata siku moja. Ningependa angegomba, ningepata sababu ya kukasirika naye. Badala yake alikuwa akipanguza vijiko kimoja kimoja.

Ijumaa yake nilikuwa jikoni klabuni, natengeneza supu, akaja Pita. Pita sasa analinda geti la magari, lakini Haroub alipoanza huyu ndiye aliyekuwa nyota wao, mji mzima ukimwimba. Siku hizi mguu mmoja haukunjiki. Hukaa kwenye kiti cha karibu na jiko, mguu kaunyoosha mbele, nami humpa bakuli. Akaniuliza kama nimeshampa Haroub jibu. Nikamwambia meneja alikuja kwangu.

Akacheka, si kicheko cha furaha. "Na mimi niliitwa Australia. Hukuwahi kuambiwa?"

"Sikuwahi."

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Huyo huyo meneja akenda kwa mama yangu. Maua, biskuti."

"Biskuti gani?"

"Za tangawizi. Boksi jekundu."

Mama, boksi jekundu! Liko kabatini mwangu, sijalifungua!

"Mama akalia, nikabaki," Pita akasema. "Mwaka wa pili goti likaenda. Klabu wakaniletea barua ya mistari minne. Si mguu unaoniuma, Bi Zu. Mama yangu kila akinisikia napanda ngazi alikuwa akisema nisamehe, Pita, nisamehe. Mpaka amekufa alikuwa anasema hivo."

Nilizima jiko. Supu yao niliiacha pale pale, nikenda nyumbani na aproni yangu kiunoni, nikalichukua boksi, nikarudi mpaka ofisini kwa Bwana Martin nikalitua juu ya karatasi zake. Nikamwambia: "Hizi mpelekee mama wa mchezaji mwengine."

Akawa mwekundu. "Ifikirie kazi yako, Bi Zu."

"Nshaifikiri."

Wiki ile ile saa zangu za kazi zikakatwa nusu, eti bajeti. Haidhuru. Mikono bado ninayo, na watu bado wanakula.

Ijumaa ile ile, Haroub aliporudi kutoka msikitini alinikuta nimeshatia ubani kwenye chetezo na nimeshauteremsha msahafu kutoka juu ya kabati. Nikamwambia, "Njoo upite." Alisimama mlangoni akanitazama kama hajui Kiswahili. Kisha akavua viatu. Tatizo, hata nikinyoosha mikono msahafu unamfika kidevuni. Nikapanda juu ya kiti, na ubani nao ukapanda, na kile king'ora cha moshi kilichobandikwa darini kikaanza kupiga kelele mtaa mzima usikie. Mimi niko juu ya kiti, msahafu mikononi, siwezi kuuachia. Haroub ameinama, hajui apite au akakizime.

Mlango ukasukumwa, akaingia Bi Doris na ndoo ya maji. Mtu ambaye hajanisalimia wiki mbili! Alidhani tunaungua. Akasimama anatazama. Haroub akamweleza kwa Kiingereza kuwa mama anamuaga, apite chini ya Kitabu mara tatu ili arudi salama. Bibi wa watu akaitua ndoo, akavua viatu bila ya kuambiwa, akaja akakishika kiti changu kwa mikono miwili nisianguke. Mwanangu akapita mara tatu, kainama vile anavyoinama akiwa na mpira kifuani, nami nikasema kwa sauti kuliko king'ora: nimekuridhia, Haroub, nimekuridhia duniani na akhera. Alilia. Bi Doris naye akalia, na mimi juu ya kiti nilikuwa siwezi hata kujipangusa.

Akatia saini jioni ile, na wiki mbili baadaye akaondoka. Uwanja wa ndege alibeba ile skafu.

Basi sasa turudi kwenye maneno yako, Mama, maana hasira zangu zote sikuzimaliza kwa Bwana Martin. Umesema Haroub kaondoka kama mimi. Sikubali. Haroub ameaga. Mimi sikuaga.

Miaka ishirini na nne tumezungumza kila Ijumaa, mguu wako, mvua yangu, bei ya samaki wa Darajani, na siku ile hatujaitaja hata mara moja. Naitaja leo. Nilikwambia nakwenda Kiwengwa, hoteli inatafuta wapishi, namchukua na Haroub akaone bahari ya huko, ntarudi Jumapili. Ukanifungia mkate wa kumimina wa njiani. Pasipoti zilikuwa chini ya nguo za mtoto. Baba yake alikuwa ameshatangulia huku, wewe hukumtaka, nami nilijua nikikuomba radhi utaninyima. Kwa hivyo sikuomba. Mkate uliofungwa kwa safari ya Kiwengwa niliula juu ya mawingu.

Nilikosa. Nalisema bila ya kisingizio. Lakini na wewe, Mama, nina la kukulaumu, na unisamehe kwa ulimi wangu. Umejua miaka yote kuwa binti yako anatembea duniani bila ya neno lako. Umenitumia busati, umenitumia pilipili za kusaga, umenitumia mpaka mwiko. Hilo moja hukulituma. Nilimnyima mwanangu siku tano, na siku tano zile zilinitosha kujua ni mzigo gani. Wewe umewezaje?

Nisalimie kaka yangu mkubwa, umwambie aache kuiweka simu spika. Nisalimie shangazi yangu wa Matemwe na mwani wake, mke wa kaka na wanawe, na wapangaji wa chini, ambao najua hii wataipata hata ukifunga mlango.

Sitaki unijibu kwa simu. Bi Shuweikha anarudi mwisho wa mwezi. Ukiwa umeniridhia, mpe ile kanga unayoufungia msahafu wako, hiyo hiyo iliyochakaa, usinunue mpya. Nikiiona nitaelewa, na nitaipitisha kichwani mwangu mwenyewe. Ukiwa bado, basi usimpe kitu chochote aniletee. Hata halua usimpe, Mama, maana nitaila na nitajidanganya.

Nakubusu mikono, wa kulia na wa kushoto.

Mimi mwanao niliyesema narudi Jumapili,

Zuwena