Swali la Mbuzi Ambalo Sikumuuliza Shangazi

Kiomboi, Jumatano, Julai. Upepo wa leo unakata masikio, na mimi sina raha hata kidogo.

Shangazi Elizabeti, aliyenilea mama alipofariki, yuko wodini hapa hospitalini wiki ya tatu sasa. Kabla ya hapo nilimtibu mwenyewe kijijini miezi saba, mimi dresa, mfunga vidonda tu wa zahanati ya serikali ya Mwingereza, nikijiona daktari mzima. Homa ikija, nampa dawa ya malaria. Ikipoa, najisifu. Ikirudi, nampa tena. Alikonda, akawa anatweta hata akifagia uwanja, nikasema ni uzee. Na nilijua kabisa moyo wake una kasoro tangu usichana.

Malaria gani hiyo ya miezi saba?

Nilimleta miguu ilipovimba. Daktari hakuuliza habari za mbu. Aliuliza, "Anafuga mbuzi? Kuna waliotupa mimba?"

Niliona aibu. Kwetu nani hafugi mbuzi? Tunalala nao ndani ya tembe moja. Ndiyo maana sijawahi kumuuliza mgonjwa yeyote swali hilo. Na jibu nilikuwa nalo: mwaka jana mbuzi wake wanne walitupa mimba, shangazi akavuta vitoto vilivyokufa na kuzoa makondo kwa mikono mitupu. Mimi ndiye niliyewashika pembe.

Leo majibu ya damu yamerudi kutoka Dar es Salaam. Ni homa ya Q, inayotoka kwa mifugo. Wengi homa hiyo huwapita tu. Mwenye moyo kama wake, vijidudu hujificha kwenye vali za moyo na kuziharibu polepole. Atameza dawa miezi mingi, ila daktari amesema vali zimeshaharibika sana, na hajui kama atauona mwaka mpya.

Ningemleta mapema! Najisemea hivyo tangu asubuhi, na haisaidii kitu.

Jioni nilimwamkia shangazi, akanishika mkono. Alitaka nimwandikie bintiye barua. "Mwambie asiwe na wasiwasi," alisema. "Mwambie bila wewe uliyenitibu, mwanangu, ningekufa zamani."

Nikaandika hivyohivyo, neno kwa neno, yeye akinitazama.

Barua ninayo hapa, sijaituma. Kesho nikimpelekea uji nitamwambia ukweli. Nisipomwambia kesho, najijua, sitamwambia tena.